Kadi Nilizowaficha Majasusi

Sikufukuzwa kazi, ndiyo maana naweza kusimulia. Jeshi lilikuwa halijaamua kununua lugha mpya ya kompyuta, COBOL, kwa sababu ya gharama. Mimi, mhitimu mpya, nilipaswa kumwonyesha Kanali jinsi inavyohesabu vifaa vya ghala letu la Kibaha. Programu ilikuwa kwenye kadi sitini zilizotobolewa, na mashine ya Dar ilizisoma kwa mpangilio tu.

Njiani nikawaza: majasusi je? Nikazichanganya kama karata. Orodha ya mpangilio nikaikariri, nikaichoma pale kituo cha Picha ya Ndege.

Mbele ya mashine nilikumbuka nafasi za kadi tisa tu.

"Orodha iko wapi?" Kanali akauliza.

"Nimeichoma, Afande. Kwa usalama."

"Hongera, mwanangu. Adui hajui kitu, na sisi pia hatujui."