Jina la Mukamugema katika Kitabu cha Udugu

Mukamugema alilima kabichi Kibumba, mashariki mwa Kongo, mpaka vita vilipomfukuza. Tangu hapo aliishi kambini nje ya Goma, na huko ndiko alikoandika, katika daftari la shule, jinsi alivyotolewa kwenye foleni ya chakula na kuambiwa arudi kwao Rwanda, nchi asiyowahi kuikanyaga. Kurasa kumi na moja. Nilizisoma mara mbili, sikuona neno la kupunguza.

Cercle yetu ya waandishi, ambayo mimi ni secrétaire wake, hukutana Katindo, mjini Goma, kila Jumamosi. Mwaka ule iliamua kutoa kitabu cha kupinga ubaguzi na kutetea wakimbizi. Papa Evariste, président, alitunga shairi la beti ishirini, neno "ndugu" katika kila ubeti. Kambini hakuwahi kufika. Alisema barabara ina vumbi.

Mukamugema, mwanachama wetu mpya, aliposoma hadithi yake kikaoni tulipiga makofi. Kisha Papa Evariste akafuta miwani.

"Mama, hadithi iko na nguvu. Ila hii jina ya Kinyarwanda... Tutaandika tu 'Mama wa Kibumba.'"

"Juu ya nini?"

"Batu watasema tumeingiza wageni. Sisi hatuna shida na wewe. Ni batu."

"Batu gani, papa? Hapa minaona nyinyi tu."

Charline, mtunzi wa shairi liitwalo "Damu Yetu Moja", akataka kusaidia. "Chukua jina ya bibi yako. Hauna bibi Muhunde, mwenyeji wa hapa, hata mumoja?"

"Bibi yangu alizikwa Kibumba. Wako alizikwa wapi?"

Wa Charline alizikwa Butembo, mbali na Goma. Akatazama dari.

Walipiga kura, mikono yote ikainuka isipokuwa wa Mukamugema. Secrétaire hapigi kura, na siku ile nilijificha vizuri nyuma ya sheria hiyo. Niliandika tu kila neno katika procès-verbal, yaani PV, kumbukumbu za kikao, kama kawaida.

Kwetu hakuna kikao kinachoanza kabla PV ya kikao kilichopita haijasomwa. Papa Evariste mwenyewe ndiye aliyeiweka sheria hiyo, naye huitia sahihi PV bila kuisoma.

Baada ya kura ile hatukukutana tena mpaka siku ya kuzindua kitabu, na siku hiyo ukumbi ulijaa: padri, mwandishi wa redio, watu wa kambi. Papa Evariste akasimama na shairi lake. Mukamugema akainua mkono kutoka nyuma.

"Papa président, bado PV."

"Mama, leo tuko na wageni."

"Sheria ni yako, papa. Ama na yenyewe tuibadilishe jina?"

Ukumbi ukacheka. Papa Evariste akanipungia mkono nisome haraka. Nilisoma polepole, yote, pamoja na bibi Muhunde. Hakuna aliyecheka tena.

"Huyu Mukamugema ni nani?" padri akauliza.

"Ni mimi. Hadithi ya ukurasa wa thelathini na moja ni yangu."

"Ni kosa ya imprimerie," Papa Evariste akasema, akiwatupia lawama wachapaji.

"Imprimerie njo ilipiga kura?" mzee mmoja wa kambi akauliza.

Shairi la udugu halikusomwa. Mukamugema alikwenda kwenye meza yenye nakala arobaini, akatoa kalamu yake ya bluu, akakata "Mama wa Kibumba" na kuandika jina lake, nakala moja baada ya nyingine. Padri alikuwa anatazama, kwa hiyo Papa Evariste alisimama kando yake akimfungulia ukurasa.