Riwaya za Mapenzi Chini ya Kitanda cha Shangazi

Shangazi yangu aliniita nyumbani kwake, mtaa wa Fedha, Nairobi, nikamkadirie bei ya katoni ya riwaya za mapenzi za zamani iliyokuwa chini ya kitanda chake. Alikuwa amesikia kwamba kununua na kuuza vitabu vikuukuu ndiyo kazi yangu, na kwamba wapo watu wanaozitafuta. Nilikwenda nikiwa nimefura. Huyu ndiye aliyenitoa shule nikiwa kidato cha pili, nikiishi kwake, kwa sababu ya vitabu kama hivyo.

Kufungua katoni tu, nikaona mwandiko wangu. Vitabu saba, vyote vimevikwa karatasi ya kaki kama madaftari ya shule, na juu nimeandika Jiografia, Kemia, Dini. Hivyo ndivyo wasichana wa mtaa wetu tulivyovificha. Siku alipovikamata alimpigia baba simu Mombasa, akamwambia nimeharibika, vitabu vya uchafu ameshavichoma jikoni, na karo yangu ni pesa ya kutupa. Baba alimwamini. Nikaishia kuuza akala, vile viatu vya matairi, sokoni Kariokor, miaka mingi kabla sijaingia kwenye vitabu.

"Ulisema ulivichoma," nikamwambia.

"Nilisema mengi. Tazama, uniambie."

Nikatazama, maana kazi ni kazi. Nikavua kaki. Majalada yaling'aa, wale mabwana wenye nywele za mafuta na wasichana waliozimia mikononi mwao, rangi haijapauka hata kidogo. Nikatafuta ukurasa wa uchapishaji: vinne vilikuwa toleo la kwanza. Nikanusa kama vina ukungu, nikakagua kama kuna kurasa zilizochanwa. Mwisho nikageuza migongo.

Migongo ilikuwa imevunjika. Mistari myeupe juu mpaka chini, ile inayotokea kitabu kikifunguliwa wazi na kusomwa tena na tena. Mimi sikuvisoma hivyo. Muuzaji wangu alikuwa hakubali kubadilishana kitabu chenye mgongo uliovunjika, kwa hiyo nilikuwa nakifungua kidogo tu, nachungulia ndani kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Siku niliponyang'anywa, migongo yote ilikuwa imenyooka.

Nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa ya chuki. Nikapaza sauti ili mwanawe, aliyekuwa kwenye kochi na simu yake, asikie. "Bei imeshuka, Shangazi. Kuna mtu amevisoma mpaka vimechakaa. Nani?"

Mwanawe akaweka simu chini. "Mathe, kumbe ni wewe ulikuwa unasoma hizi vitu?" Akacheka mpaka akakohoa.

Nikangoja aone haya. Miaka yote hiyo nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: akiri kwamba alinionea. Akatengeneza mtandio wake, akanikazia macho.

"Nimevisoma vyote," akasema. "Havina ubaya wowote. Nililijua hilo wiki ile ile, sare yako ingali imetundikwa mlangoni."

"Na hukusema."

"Ningemwambia nini kakangu? Nilishamwambia nimevichoma." Akaisukuma katoni kwangu kwa mguu. "Haya, sema bei."