Karanga za Mchirizini

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka, mwanangu, mvua imekatika alfajiri na ardhi bado inanuka maji, nilipotoka nje nikakuta karanga zangu zimegeuka njano. Mstari wote ulio kando ya ukuta, pale maji ya paa yanapodondokea, ulikuwa umesinyaa. Nikainama. Mashina mengine yalikuwa yamepasuka chini kabisa, karibu na udongo, kama yamechanjwa kwa wembe. Na hapo hapo, katikati yake, mahindi yalikuwa ya kijani kibichi, hayana neno.

Nilisimama nikiwa nimeshika jembe, sijui nifanye nini. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Iweje kimoja kife na kingine kistawi?

Nilikuwa mke mchanga wakati huo, mama wa mtoto mmoja, hapa hapa Chilangala. Mume wangu, Baba Salima, alikuwa fundi ujenzi. Alikuwa amepata mabati makuukuu ya ghala lililobomolewa Masasi, akayapandisha huku juu kwa lori, akatoa nyasi za paa letu na kuyapigilia. Yalikuwa na kutu sehemu sehemu, lakini kwetu yalikuwa fahari. Ninyi mliozaliwa na bomba huenda msinielewe. Huku juu maji tulikuwa tunayafuata bondeni, tunashuka asubuhi na kupanda jua likiwa kali, ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Bati lilikuwa maji. Tulichimba kisima uani, tukakisakafia kwa saruji, na maji ya paa yakawa yanaingia humo. Upande wa pili wa nyumba, usio na mfereji, yalidondoka chini. Huko ndiko nilikopanda karanga za mbegu, nilizopewa na mama yangu kabla hajafariki. Sikuwa na nyingine.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo nilipokosea.

Siku mbili kabla ya asubuhi ile, jirani yangu Mama Zuhura alipita ubavuni mwa nyumba kuja kuazima ungo. Alikuwa mwenzangu wa kushuka naye bondeni, mwanamke mcheshi, anauza vitumbua asubuhi. Aliinama kwenye karanga akazishika majani, akasema, "Mwenzangu, mwaka huu utatulisha." Basi. Alichukua ungo akaenda.

Nilipoona yale mashina yaliyopasuka, akili yangu ilikimbilia kwenye ile mikono yake. Nilijiambia hapana, Mama Zuhura hawezi. Kisha nikajiuliza, nani mwingine alizishika? Nilizunguka na maneno hayo siku nzima, nikichota maji nayo, nikisonga ugali nayo. Jioni nikamwambia mwanamke mmoja tu. Sikusema mchawi, wallahi sikusema. Nilisema, "Alizishika, na siku ya tatu zimekufa." Sikuhitaji kuongeza.

Haikupita wiki, vitumbua vya Mama Zuhura vikaanza kurudi nyumbani sinia ikiwa imejaa. Watoto walikatazwa kupita mlangoni kwake. Naye hakuja kuniuliza. Siku moja nikasikia kwamba amemchukua binti yake wakashuka Masasi kwa kaka yake. Nilipaswa kuona nimepata nafuu. Badala yake sikupata usingizi, kwa sababu karanga zilizobaki mchirizini ziliendelea kufa, na yeye hayupo.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenishika. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alinikuta jikoni, akakaa kwenye kibao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulimwona Mama Zuhura akimwaga kitu kwenye karanga zako?"

"Sikumwona, mama."

"Akichimba?"

"Hapana."

"Sasa watu uliwaambia nini?"

Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

"Kesho uende kwa bwana shamba," akasema. "Usiende kwa mtu mwingine. Nimemaliza."

Bwana shamba wetu alikuwa kijana kutoka Iringa, hajazoea joto letu wala lugha yetu. Alikuja, akachuchumaa mchirizini, akatazama karanga, kisha akatazama juu kwenye bati. Akapitisha kidole kwenye ukingo wake, kikatoka na vumbi jeupe na kutu.

"Mama Salima, mikorosho ya hapa jirani mnaipulizia dawa ya salfa?"

"Kila mwaka. Nani asiyepulizia?"

Akaniambia kwamba bati hupakwa madini yanayoitwa zinki ili lisishike kutu. Vumbi la salfa likitua juu yake na kukutana na unyevu, huwa kali, linalila bati. Mvua ikija inaiosha ile zinki na kuishusha chini. Inajikusanya kwenye udongo pale pale inapodondokea. Mahindi huvumilia. Karanga hazivumilii, na hupasuka mashina hivyo hivyo.

Mwanangu, sikumwamini. Nilimwona ni mtoto wa shule anayenipumbaza. Bati ni chuma, jembe langu ni chuma, mbona jembe haliui mimea? Akacheka, akaomba makopo mawili. Moja akalijaza udongo wa mchirizini, jingine udongo wa shambani. Akapanda karanga kwenye yote mawili, akaniambia niyaweke mlangoni pa jiko na niyamwagilie mwenyewe, kwa maji ya bondeni, mtu mwingine asiyaguse. Hakuna aliyeyagusa. Kopo la shambani liliota vizuri. Kopo la mchirizini liliota, likakaa siku kadhaa, likawa njano. Mikono iliyolishika ilikuwa yangu.

Nilipanda gari kwenda Masasi nikiwa nimembeba Salima. Nilimkuta Mama Zuhura nyuma ya soko, chini ya mlima wa mawe, anapepeta mchele wa watu. Hakuinuka. Nilipiga magoti nikamweleza yote, bati, salfa, makopo. Nilikuwa naongea kwa kuchanganyikiwa, hata mimi sijui nilianzia wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Habari za bati sizijui," akasema. "Ninachojua, mimi ulinisema mbele ya watu. Hapa unaniomba msamaha tukiwa wawili."

Nikarudi. Asubuhi iliyofuata nilishuka bondeni wakati kisima cha huko kimejaa wanawake, nikaweka ndoo chini, nikasema kwa sauti kwamba Mama Zuhura hakunifanyia lolote, ni mimi niliyemzulia. Wengine walicheka. Mmoja alisema nimelishwa kitu huko Masasi.

Mama Zuhura alirudi baada ya mavuno ya korosho. Tuliamkiana, tulizikana, tulichezeana ngoma za watoto wetu. Lakini kula kwangu hakula tena mpaka alipokufa, na sikuwahi kumlaumu.

Mpaka leo sielewi yote. Maji ya kile kisima chetu cha uani, yaliyotoka kwenye bati lile lile, tuliyanywa miaka mingi. Kama yalitudhuru au hayakutudhuru, sijui, na hilo hunisumbua ninapowatazama wajukuu.

Ninachokuambia ni hiki. Bati likichakaa, libadilishe ukiweza, na usiezekee mabati ya kuokota bila kuuliza. Mvua za kwanza baada ya msimu wa salfa, ziache zioshe paa na kwenda zake, usizielekeze kisimani. Karanga zipande mbali na mchirizi. Na jambo likikushinda kulielewa, kaa nalo hivyo hivyo halijaeleweka, uwatafute wanaojua. Usilipe jina la mtu ili upate usingizi. Ukishamtaja, hata ukweli ukija, unamkuta ameshahama.

Mungu akupe afya, mwanangu. Akukuzie watoto, akujalie majirani wa kweli, na siku utakayokosea akupe miguu ya kwenda kuomba radhi. Amina.