Kosa la Makusudi Kwenye Ukurasa wa Mafaili

Ukitaka kumuudhi Mzee wa Alama, mwambie kwamba kazi yake ni kupamba maandishi. Atakujibu kwamba kupamba ni kazi ya wapambaji wa harusi, na yeye hajawahi kumvisha mtu ua. Kazi yake ni mwongozo wa lugha ya programu, ile lugha ambayo watu huitumia kuiamrisha kompyuta, na lugha ya namna hiyo ina amri nyingi kuliko kichwa cha mtu kinavyoweza kubeba. Ndiyo maana kuna mwongozo. Wengine huandika maneno yake, yeye huyawekea alama. Alama zenyewe msomaji hazioni. Anachokiona ni matokeo: neno hili limelala upande, lile limesimama wima kama lililopigwa na taipureta, jingine limekolezwa wino.

Watu hucheka wakifika hapo. Neno likilala au likisimama, kuna nini? Basi sikiliza. Katika mwongozo ule, neno la taipureta maana yake ni "andika hivi hivi, usiguse hata nukta." Neno la mlazo maana yake ni "hapa weka la kwako." Zamani, kabla Mzee hajaajiriwa, mtu mmoja asiye na subira aliyaandika maneno "jina la faili" kwa herufi za taipureta mahali yalipopaswa kulala. Wanafunzi wa chuo kizima wakashinda kutwa wakiiamrisha kompyuta ifungue faili linaloitwa "jina la faili", na kompyuta, ambayo haijui huruma wala utani, ikawa inawajibu kwamba faili hilo halipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ofisi ile ilikuwa imechoka kujenga kuta. Ikamtafuta mziba nyufa.

Mzee alikuwa ametokea katika kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi kwa mkono, mpaka mashine zikauzwa kama chuma chakavu. Kompyuta alijifunza akiwa na mvi tayari, darasani na vijana waliomwita babu kabla hajawa babu. Pale ofisini walikuwa wanne katika chumba kimoja, na birika moja la chai waliloligombania kila siku kama watoto wa mama mmoja. Kisha wakubwa wakaona pango la ofisi ni hasara. Milango ikafungwa, kila mtu akapewa kompyuta yake aende kufanyia kazi nyumbani. Wenzake wakaacha kazi mmoja baada ya mwingine. Mzee akabaki, katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, juu ya kiti alichokitandikia blanketi kuukuu, dirisha likitazama ukuta wa jirani.

Wakati huo mkewe alikuwapo. Baadaye binti yao alijifungua huko anakoishi, mbali, na mama mtu akafunga sanduku akisema anakwenda kumwogesha mtoto mpaka shingo ikaze. Shingo ilikaza zamani. Sasa mtoto anafunga viatu mwenyewe, na bibi hajarudi. Hakuna aliyegombana na mwenzake, wala hakuna aliyesema neno baya. Kila jioni simu ya picha inaita, na mkewe ndiye anayeanza kuuliza.

"Umekula, baba?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Haya. Ngoja nikupe mjukuu wako."

Mjukuu huishika simu na kujitazama sura yake mwenyewe kwenye kile kidirisha cha pembeni, anajitolea ulimi, anajicheka, babu anacheka naye kwa adabu, kisha chaji inaisha. Mzee alikuwa na hamu na mkewe kiasi cha kuumwa. Hakuwahi kumwambia, kwa kuwa alijiona mtu mzima, na watu wazima wa aina yake hufa na maneno yao mdomoni.

Aliyekuwa akizungumza naye hasa, yaani mazungumzo ya mtu na mtu, ni mtu asiyemjua sura. Chini ya kila ukurasa wa mwongozo kulikuwa na anwani ya kupeleka malalamiko, na anwani hiyo ilifika kwake. Siku moja, miaka mingi nyuma, ujumbe ukaingia bila salamu wala jina: "Ukurasa wa mafaili, aya ya tatu. Jina la amri umelilaza. Mwanzoni mwa ukurasa limesimama. Amua."

Mzee aliwaka. Akaufungua ukurasa ili amwoneshe huyo mjuaji kwamba kanuni ya majina ya amri ni kusimama, daima, na kwamba yeye haivunji. Akakuta ameivunja. Akairekebisha, akajibu neno moja tu: "Nimeamua." Tangu hapo jumbe zikawa zinakuja, mara kila wiki, mara kila mwezi, zote kavu kama muhogo wa juzi. Mzee alimpa jina la Mkosoaji. Alimlaani, akamtukana mbele ya ukuta wa jirani, na kila asubuhi akalitazama sanduku la barua la kompyuta yake kabla hata hajanawa uso. Mara moja tu Mkosoaji aliandika hivi: "Ukurasa wa tarehe hauna kosa. Nimelitafuta." Mzee alitembea siku nzima ndani ya nyumba akiwa amevaa shati la kutokea. Alitaka kumweleza mkewe jioni ile, asijue aanzie wapi.

Halafu Mkosoaji akanyamaza.

Mwanzoni Mzee alijipongeza, akidhani makosa yamekwisha. Kisha lugha ikaongezewa sehemu mpya, mwongozo ukaongezewa kurasa, na ndani ya kurasa hizo Mzee mwenyewe akaja kuokota makosa ambayo Mkosoaji asingeyaacha yapite hata akiwa amefumba jicho moja. Akamwandikia: "U hali gani?" Hakujibiwa. Akaandika tena, akasubiri, akaandika tena. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, na Mzee alianza kuuogopa huo mshindo. Mtu akifa, ndugu zake hupiga simu. Lakini nani atakumbuka kumpigia mtu ambaye marehemu alikuwa akimwambia "Amua"?

Niseme pia kwamba kazini kulikuwa na mtu mwingine, ingawa Mzee hakumhesabu. Ofisi ilikuwa imeajiri mwanamke mmoja anayeishi mji mwingine, amsaidie zile kurasa mpya. Hawakuwa wamewahi kusikilizana sauti. Kila alipomaliza kazi aliandika "Imekamilika", basi, na Mzee alimwona kama kengele ya lifti.

Asubuhi moja, chai ikiwa inapoa pembeni, wazo likamjia Mzee, na lilikuwa wazo baya. Mkosoaji hakuweza kujibu salamu, sawa. Lakini kama yupo hai na macho yake yanaona, hawezi kulipita kosa. Mlevi hupita kilabu, Mkosoaji hapiti kosa. Mzee akaufungua ukurasa wa mafaili, ule ule, katika rasimu ya mtandaoni ambayo yeyote huweza kuisoma kabla toleo halijatoka. Aliuchagua kwa hofu na kwa hesabu, akitafuta mahali ambapo hakuna mwanafunzi atakayepotea. Kwenye kichwa cha aya ya kwanza, akalichukua jina la amri ya kufungua faili, akaiondoa alama ya taipureta na kuweka ya mlazo. Neno likalala.

Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuacha hata nukta ikiwa imekaa vibaya. Alitoka jasho. Aliinuka akazunguka meza, akarudi kulitazama neno, akaona ni kama amemwangusha mtoto wa watu. Lakini aliliacha. Akaketi kusubiri kugombezwa.

Hakuna aliyemgombeza. Wiki ikapita, na toleo jipya la mwongozo lilikuwa litoke Ijumaa inayofuata. Jumatatu Mzee akapiga moyo konde, akaamua kulisimamisha neno lake na kusahau. Akafungua ukurasa wa mafaili, macho yakateleza mpaka aya ya pili, na jina la amri huko nako lilikuwa limelala. La aya ya tatu pia. Akafungua ukurasa wa tarehe, ule uliosifiwa, akakuta majina yote yamelala. Akafungua mwingine, na mwingine. Mwongozo mzima, kazi ya miaka yake yote, kila jina la amri lilikuwa limelazwa chali, kwa usawa kamili, bila hata moja lililosahauliwa. Aliyefanya kazi ile alikuwa hodari. Mzee akatafuta ni nani, akakuta ni yule mwanamke wa mji mwingine.

Namba yake ilikuwa kwenye karatasi ya ofisi tangu alipoajiriwa. Mzee aliibonyeza.

"Ni mimi," alisema. "Wa alama."

Upande wa pili ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito kwa mafua. "Mzee? Kuna nini? Kuna msiba?"

"Hapana. Nimeona kurasa."

"Ah, kurasa." Sauti ikachangamka. "Nimezimaliza jana. Zimenitoa jasho, usione hivi. Nilivyoona umelilaza jina la amri kule kwenye mafaili, nikasema huyu mzee hakosei, hii itakuwa kanuni mpya. Sasa ukurasa mmoja useme hivi na nyingine ziseme vile, si tutachekwa? Nikazilaza zote."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe?" Alicheka, bila ubaya. "Nilipoanza kazi nilikuuliza, hukumbuki? Ukanijibu 'Soma mwongozo.' Basi nikausoma. Tangu hapo nakusoma wewe. Kila siku kabla sijagusa kazi yangu naangalia jana umebadilisha nini, halafu najiuliza kwa nini. Hivyo ndivyo nilivyojifunza hii kazi."

Mzee alilikumbuka jibu lile. Siku ile alijiona amejibu vizuri, kwa ukavu, kwa namna ya Mkosoaji hasa. Alikuwa hata ametabasamu. Sasa aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Angeweza kusema kidole kiliteleza. Nani angejua? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini unaweza kufichwa. Mzee hakuuficha.

"Haikuwa kanuni," alisema. "Lilikuwa kosa."

"Lako?"

"Langu. La makusudi."

Mzee, ambaye jioni zote hizo alishindwa kumtamkia mkewe neno moja, akajikuta anammwagia mtu asiyemjua habari zote. Akamweleza juu ya Mkosoaji na jumbe zake, juu ya kimya chake, juu ya neno alilolilaza kama mtego. "Nilitaka aje anigombeze," alisema. "Nijue tu kwamba yupo."

"Amekuja?"

"Hapana."

Alipolisema hilo kwa sauti ndipo alipojua kwamba Mkosoaji hatakuja tena. Alikuwa amelijua kwa muda mrefu, ila hakuwa amelisikia.

"Pole, mzee," alisema mwanamke. Kisha, taratibu, "Lakini si ungenipigia tu mimi?"

Mzee aliliacha jibu la heshima, akatoa la kweli. "Sikujua kama upo."

Kule upande wa pili kiti kilisogezwa. Mwanamke alipenga kamasi.

"Nipo," alisema. "Mwaka mzima niko hapa, mimi na hii kompyuta, hata jirani sina wa kumsalimia. Haya, Ijumaa haiko mbali. Tunaanza kusimamisha ukurasa upi?"

"Wa mafaili," alisema Mzee, akivuta kiti chake karibu na meza.