Nyayo Zilizoishia Kwenye Benchi

Nimeishi miji mingi na sijadumu hata katika mmoja. Lakini popote nisikiapo ufagio wa chelewa ukikwaruza udongo mbichi asubuhi, miguu huniingia baridi, nikatamani kuhama tena.

Nilipelekwa Nachingwea nikiwa na miaka tisa, baada ya mama kufariki. Kutoka Nkowe nilipakiwa kwenye keria ya baiskeli hadi Ruangwa mjini, kisha juu ya magunia ya korosho, kwenye lori lililokwama topeni siku nzima. Mama mkubwa Somoe, dada wa mama, alinipokea akicheka. Alisema alidhani wamemletea gunia.

Yeye alikuwa mfagiaji wa mji. Barabara ya sokoni na bustani ndogo ya mapumziko vilikuwa vyake, na kabla ya shule nilimbebea tenga la takataka. Alinifundisha kusoma nyayo kabla hajazifuta. Muuza maandazi alikanyagia vidole. Fundi Chilumba, mshona nguo, aliburuta mguu wa kushoto. Nikipatia, napewa andazi la jana. Jambo moja tu alilikataza: tulichokisoma kisifike kwa watu. Hakusema kwa nini.

Asubuhi moja ukungu ulitanda hata miti ya bustani ikawa kama watu waliosimama. Nyayo za fundi Chilumba ziliingia mle, mguu mmoja ukichora mfereji, zikafika kwenye benchi. Hapo zikaisha. Hazikurudi, wala hazikuendelea. Benchi lilikuwa tupu, limelowa. Mama mkubwa aliacha kufagia, akazitazama nyayo zile. Kisha akazifuta upesi, akienda kinyumenyume. Leo najua mtu anaweza kuondoka kwa kupita juu ya majani. Siku ile sikujua.

Shuleni nilishindwa kunyamaza. Nilisema fundi Chilumba ameingia bustanini na hajatoka. Wenzangu walicheka, maana walikuwa wamemwona kwenye cherehani yake. Wiki haikuisha, miguu yake ikavimba, akashindwa kusimama. Hapo hakuna aliyecheka tena. Kwetu watu huamini kwamba udongo uliokanyagwa ukichotwa, aliyeukanyaga huugua miguu. Na nani aliyekuwa akichota udongo wa mji mzima kila asubuhi?

Majirani walikuja nyumbani kwetu alasiri, dada yake fundi akiwa mbele.

"Bi Somoe, rudisha udongo wa kaka yangu. Maneno yametoka humu humu ndani."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Mama mkubwa hakugeuka kunitazama.

"Nilisema mimi," alijibu. "Nilikuwa natania, mdomo ukaniponza."

Walimwaga tenga uani, wakapekua maganda ya karanga na majani makavu. Hawakuona kitu, na kutoona kuliwatia hofu zaidi. Kesho yake kila mlango wa barabara ile ulikuwa umemwagiwa majivu, ili mama mkubwa asifagie hapo. Hakungoja kufukuzwa, alimpelekea msimamizi wake wa kazi ufagio na tenga, akarudi kufunga mizigo. Fundi Chilumba alipona, tulisikia baadaye, lakini hakuna aliyetuita turudi.

Siku ya kuondoka, barabara ya kwenda kwenye lori ilikuwa haijafagiwa. Mama mkubwa alinitanguliza. Nikasikia miguu yake ikiburuzika nyuma yangu, nikageuka. Alikuwa amejitwisha mzigo, macho chini, anakanyaga pale pale nilipokanyaga, kisha anasugua kwa kisigino. Nilidhani amechoka, nikaona haya kutembea mwepesi.

Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto wangu nilipofahamu. Alikuwa amebeba lawama yangu mbele ya watu, na bado hakuwa na hakika kwamba mji ule umeridhika nayo. Mpaka tulipopanda lori, hakuuachia unyayo wangu hata mmoja.