Ndevu za Pamba

Kila nikisikia harufu ya gundi, kidevu huniwasha.

Shuleni kwetu Doha tuliambiwa tuje tumevaa kama watu wa Ugiriki ya kale. Mama, aliyekuwa nesi, alinifunga shuka nyeupe kwa pini, nami binti yake nikakariri habari za mwanamke aliyefundisha falsafa huko.

“Mwanafalsafa bila ndevu?” mwalimu akauliza.

“Ni mwanamke, Madam.”

“Wazazi hawataelewa.” Akanipaka gundi, akanibandika pamba.

Jukwaani nilisema yote, pamba ikiniingia mdomoni. Mama akapiga picha.

Nyumbani, mtaa wa Al Mansoura, alinibandua pamba kwa mafuta ya nazi. “Si ungemwambia tu?”

“Nilimwambia.”

Picha bado iko sebuleni kwake. Juzi mgeni alimuuliza Mama yule mwanawe wa kiume wa pichani siku hizi yuko wapi, nami nimekaa hapo hapo.