Kilio cha Mama Nilikigeuza Wimbo wa Nganda

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Mama yangu aliniamini akaniambia jambo lililomchoma moyo, mimi nikalipeleka baa likachezewe na walevi!

Tunakaa mtaa wa Shituru, katika nyumba ya kampuni ya madini. Baba alikuwa mtu wa Kasai, mama ni wa hapa hapa Katanga. Wakati ule watu wa Kasai walipokuwa wanafukuzwa, vijana walikuja kugonga mlango wetu. Mimi nilikuwa Lubumbashi kwa shangazi. Niliporudi, mama akanisimulia huku analia.

"Baliniuliza, 'Bwana yako iko wapi?' Nikabajibu, 'Minye siko na bwana. Uyo muntu simujue.' Nilimukana, mwanangu, juu ya kumuokoa."

Vijana wakaondoka. Kulipokucha baba akaenda stesheni kupanda treni ya Kasai. Hatujapata habari zake mpaka leo.

Mimi nilikuwa mwimbaji wa bendi ndogo ya mtaa. Maneno ya mama hayakunitoka kichwani, nikayatungia wimbo kwa mdundo wa kikwetu. Kiitikio kilikuwa hicho hicho: "Siko na bwana, simujue." Watu walilia! Nami kwa kiherehere nikatangaza kwenye mikro, yaani kipaza sauti: "Hii ni habari ya mama yangu mzazi."

Ee Mungu, ulimi wangu!

Wimbo ukapendwa. Ng'ambo ya barabara yetu kuna nganda, watu wanakunywa pale kuanzia mchana. Mwenye nganda akaniomba kanda ya ala tupu, gitaa na kinanda bila sauti ya mwimbaji, ili mteja yeyote ashike mikro aimbe mwenyewe. Tukamrekodia. Nilijiona nyota.

Wakaimba. Kisha wakaanza kubadilisha maneno: mara mama kamuuza mumewe, mara kajipatia kijana. Nikaenda kuidai ile kanda. Mwenye nganda akacheka.

"Weye unalia nini? Sauti yako haiko mule!"

Kweli haimo. Na nakala zilikuwa zimeshafika mpaka mtaa wa Kikula.

Jumamosi moja mama alikuwa anatoka kusaga mahindi, beseni la unga kichwani. Mlevi mmoja akamnyooshea mikro: "Mama, imba, iyi njo wimbo yako!"

Nilikuwa mlangoni kwetu. Mama akatua beseni, akashika mikro. Muziki unaendelea, yeye anasema polepole:

"Bwana yangu alikuwa chini ya kitanda. Alisikia yote. Njo maana alienda."

Hilo hata mimi hakuwahi kuniambia! Nikafikiri sasa wataona haya, mambo yataishia pale.

Kesho yake, tunatoka ibadani, nikasikia ubeti mpya kutoka nganda: "Chini ya kitanda, alisikia." Wanaitikia wote, hata wanawake!

Tungehama, lakini twende wapi? Kazi za kampuni zimekufa, na tukitoka katika nyumba hii hatuna nyingine. Mama ameacha kwenda kanisani, kwa sababu wanamwombea mbele ya watu kwa kumtaja jina. Mimi nimeacha kuimba, lakini hakuna aliyegundua. Wimbo unaendelea bila mimi.

Nyinyi mnaotunga nyimbo, nawasihi! Kabla hujaimba kilio cha mtu, muulize kama anataka kisikike. Mimi sikumuuliza. Juzi, ng'ambo wakiimba kama kawaida, nilimpigia mama magoti, nikasema, "Mama, unisamehe."

Akanijibu, "Nilishakusamehe, mwanangu. Funga dirisha."